Je, wajua jinsi waliopimwa vichwa walivyoisahihisha anthropolojia?

Katika karne ya 19 alikuwapo daktari mmoja wa Philadelphia, Marekani, jina lake Samuel Morton, aliyekusanya mafuvu ya watu kutoka pande nyingi za dunia. Alilijaza kila fuvu mbegu ndogo ndogo, kisha akazimimina mbegu kwenye kipimo aone limebeba kiasi gani. Baadaye akaona mbegu hazitoi hesabu moja kila mara, akahamia risasi ndogo za bunduki. Kwenye majedwali yake mzungu alikaa juu na mtu mweusi chini, na wenye watumwa wakapata elimu ya kuegemea.

Hivyo ndivyo anthropolojia, yaani elimu ya binadamu, ilivyokuwa siku zake za mwanzo: mmoja ameshika kipimo, mwengine ni kichwa kwenye rafu. Ilitokaje hapo? Kwa kawaida hutajwa Franz Boas, Mjerumani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Anastahili kutajwa. Lakini kabla yake, na sambamba naye, walikuwapo wasomi weusi ambao mimi skuli nimemaliza bila kuwasikia.

Wa kwanza ni Anténor Firmin, wakili kutoka Haiti. Mwaka 1884 alikubaliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Anthropolojia ya Paris, iliyoasisiwa na Paul Broca mwaka 1859. Akawa anahudhuria vikao ambamo wenzake walijadili upungufu wa akili za watu weusi, naye yupo mle mle, anasikia. Kuna mwanachama aliyethubutu kumuuliza kama hana damu ya kizungu mahali, maana vipi awe na akili vile. Mwaka 1885 Firmin akatoa kitabu cha kurasa zaidi ya 600 juu ya usawa wa jamii za binadamu, akimjibu Arthur de Gobineau, Mfaransa aliyekuwa ameandika kinyume chake. Uzuri wa jibu lake ni kwamba hakutegemea ufasaha peke yake. Aliyachukua majedwali ya wapima mafuvu, akayapanga upande kwa upande, akaonesha kuwa hayapatani. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 2000, miaka 115 baadaye.

Njia hiyo ya kumshinda mtu kwa rula yake mwenyewe aliifuata pia W. Montague Cobb, daktari na mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mwaka 1936 mkimbiaji mweusi wa Marekani, Jesse Owens, alishinda medali 4 za dhahabu kwenye Olimpiki ya Berlin. Hata kabla ya Berlin walikuwapo wa kusema kwamba mbio zake si mazoezi wala akili ya mchezo, ni maumbile: ati watu weusi wana mfupa wa kisigino na misuli ya mguu ya namna yao. Cobb hakubishana gazetini. Alimpima Owens mwenyewe, miguu, visigino na yote. Akakuta mguu wa Owens hauna zile alama zilizosemwa ni za watu weusi. Tena akasema wakimbiaji weusi mashuhuri wakiwekwa pamoja hakuna umbo moja linalowaunganisha wote. Hata hivyo, mtandaoni leo hoja ya kisigino bado inazunguka kila zinapofika mbio za mita 100.

Zora Neale Hurston alikwenda njia nyengine. Alikuwa mwanafunzi wa Boas, na aliporudi Florida kukusanya hadithi za watu wake, safari ya kwanza karibu itoke patupu. Alikwenda na lafudhi ya chuoni, akiuliza kwa adabu kama kuna mtu anayejua hadithi za zamani, na watu wakamjibu kwa adabu hiyo hiyo kwamba labda kijiji cha pili. Alipojifunza kukaa nao barazani na kusema kama wao, hadithi zikaja zenyewe, na mwaka 1935 zikawa kitabu.

Kazi yake nnayoipenda zaidi ni mazungumzo yake na mzee Kossola kule Alabama. Huyu alikuwa mmoja wa manusura wa mwisho wa Clotilda, meli iliyoingiza watu kwa magendo Marekani mwaka 1860, zaidi ya miaka 50 tangu kuingiza watumwa kupigwe marufuku. Hurston alikuwa akimpelekea mapichi, wanakula pamoja, na siku nyengine mzee alikataa kuzungumza, naye akaiacha siku ipite. Wachapishaji walitaka maneno ya mzee yanyooshwe yawe Kiingereza sanifu. Hurston akakataa, na kitabu kikalala hadi 2018. Soko letu la watumwa la Mkunazini, hapa Zanzibar, lilifungwa 1873. Nikisoma kitabu kile najiuliza ingekuwaje kama mtu wa namna hiyo angekaa na wazee wa hapa waliopita sokoni pale, na tunda mkononi badala ya dodoso.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Jomo Kenyatta alisoma London kwa Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu kuhusu Wakikuyu, mwalimu wake akikiandikia dibaji. Ndani yake aliitetea hata tohara ya wanawake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ni kweli, lakini na aliyekilalia ana ubavu aupendao. Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye wengi tunamjua kwa ushairi, alifika Oxford na katika somo la kwanza kabisa akamsikia mwalimu akiwaita Waafrika washenzi. Akalalamika, haikusaidia. Mwaka 1970 akalijibu jambo hilo kwa kitabu kizima, akisema wasomi wa Magharibi waliivisha dini ya Mwafrika maswali yasiyo yake.

Archie Mafeje wa Afrika Kusini yuko karibu zaidi na Zanzibar. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi kisha kikaifuta kwa shinikizo la serikali ya makaburu, na wanafunzi wakakalia jengo la utawala kupinga. Mafeje akaja kufundisha Dar es Salaam, na mwaka 1971 akachapisha makala iliyosema kwamba ukabila, kama ulivyoelezwa na watawala na wasomi wao, ni miwani ya mkoloni inayoficha nani ana mali na nani hana. Mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa sana. Sensa za Waingereza zilitugawa katika mafungu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata fungu uliloandikiwa. Haishangazi kwamba kati ya sensa moja na nyengine watu walihama fungu bila kuhama nyumba.

Na sasa chini ya ardhi. Waingereza waliochimba miji ya pwani baada ya vita, kama James Kirkman aliyechimba Gedi kule Kenya na Ras Mkumbuu kule Pemba, waliiona zaidi kama miji ya wageni. Wachimbaji Waafrika waliofuata waliinama kuangalia kilichokuwa kingi zaidi, yaani vigae vya vyungu. Felix Chami, Mtanzania, alifuatilia vigae vyenye michoro ya pembetatu karibu na shingo ya chungu, vya karne ya 6 hadi ya 10, akavikuta pwani na bara pia. Abdurahman Juma wa Zanzibar alichimba Unguja Ukuu, akakuta bidhaa za ng'ambo zimelala pamoja na vyungu hivyo hivyo vya wenyeji, karne kadhaa kabla ya mihrabu ya Kizimkazi kuandikwa mwaka 1107.

Kisha vikaja vipimo vya vinasaba, yaani DNA. Chapurukha Kusimba, mwanaanthropolojia kutoka Kenya, alikuwa amefanya kazi Mtwapa miaka mingi kabla ya kugusa makaburi, na wenyeji waliporidhia, mifupa ilipimwa na kuzikwa tena msimu ule ule. Matokeo ya watu 80, kutoka miji kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, yalitoka mwaka 2023. Upande wa baba kuna asili kubwa ya Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliojiita Washirazi, yaani wenye asili ya Uajemi, hawakuwa wakisema uongo, na waliosema pwani ni ya Kiafrika nao walikuwa sahihi, kwani upande wa mama karibu wote ni wa hapa hapa. Wanaume wa Kiajemi walikuta watu wenye vyungu vyao na biashara yao, wakaoa humo, na watoto wakakua wakisema lugha ya mama zao.