Pamba ya nyuzi ndefu: maana yake na jinsi ya kuitambua

Katika biashara ya pamba, urefu unaozungumziwa ni wa unyuzi mmoja mmoja kama ulivyotoka kwenye mbegu. Pamba ya kawaida, ile inayolimwa Shinyanga, Simiyu na sehemu kubwa ya dunia, ina nyuzi za milimita 26 hadi 30 hivi. Zikifika milimita 35 au zaidi, huitwa pamba ya nyuzi ndefu sana, na ndiyo inayouzwa kwa bei ya anasa.

Milimita hizo chache zina kazi kubwa. Uzi hushikiliwa na msokoto na msuguano wa nyuzi zilizolala pamoja. Nyuzi zikiwa fupi, ncha zinakuwa nyingi, na kila ncha ni mahali ambapo uzi umelegea. Ncha hizo hutokeza nje, zikisuguliwa hujiviringisha, na baada ya kufuliwa mara kadhaa shuka linajaa vipira vidogo. Nyuzi ndefu zina ncha chache, kwa hiyo zinasokotwa uzi mwembamba sana usiokatika, na kitambaa kinakuwa chepesi, chenye mng'ao, na kinadumu. Lakini urefu pekee hautoshi: nyuzi ziwe pia nyembamba, imara, na zilizokomaa. Zisizokomaa hufungamana vinundu na kukataa rangi.

Mmea wenyewe ni Gossypium barbadense, wenye asili ya Amerika Kusini. Mwishoni mwa karne ya 18 ulistawi kwenye visiwa vya South Carolina na Georgia, Marekani, ukilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Kilimo hicho kilimalizwa na fukusi wa vitumba kufikia miaka ya 1920. Misri ilianza karibu mwaka 1820, pale Mfaransa Louis Alexis Jumel alipouona mmea huu katika bustani ya Cairo na mtawala wa Misri, Muhammad Ali, akaamuru ulimwe kwa wingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya kusini mwa nchi hiyo, bei ilipanda na Misri ikatajirika. Sudan ilifuata kwenye mashamba ya Gezira baada ya bwawa la Sennar kukamilika mwaka 1925. Pamba ya Marekani iitwayo Pima ilipewa jina la Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, waliofanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Sacaton huko.

Kuilima ni kazi. Inataka msimu mrefu, jua kali na maji ya uhakika. Unyuzi hurefuka katika wiki tatu hadi nne za kwanza baada ya ua kuchanua. Mmea ukikosa maji wakati huo, urefu uliopotea haurudi tena. Na hata pamba nzuri huweza kuharibiwa kiwandani: mashine za misumeno huchambua haraka lakini hukata nyuzi, ndiyo maana pamba hii hupitishwa kwenye mashine za roli, taratibu zaidi. Kabla ya kusokotwa huchanwa ili nyuzi fupi zitoke.

Sasa, lebo. "Pamba ya Misri" hutaja nchi, si urefu. Kati ya aina za pamba za Misri, Giza 45 na Giza 87 ni ndefu sana, ila Giza 86, iliyolimwa kwa wingi katika Delta ya mto Nile, ni ya daraja la chini yake. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya maduka ya Marekani iligundua kwamba mashuka iliyoyauza kama ya pamba ya Misri hayakuwa hivyo. Namba kubwa kama 1000 kwenye pakiti, yaani hesabu ya uzi katika kila inchi ya mraba ya kitambaa, nayo isikubabaishe, kwa kuwa mara nyingi hupatikana kwa kuhesabu kila uzi mwembamba uliosokotwa pamoja na wenzake.

Ukitaka kujihakikishia, chomoa uzi wa sentimita 10 kwenye pindo, mbali na mahali palipokatwa. Usokote kinyume hadi ulegee, uvute polepole kwa mikono miwili, kisha utoe nyuzi chache na kuzilaza juu ya kitambaa cheusi kando ya rula. Pima kama kumi. Nyingi zikiishia milimita 25, hiyo ni pamba ya kawaida, hata pakiti iseme nini. Usitumie uzi mfupi kuliko sentimita 6, maana utakuwa unapima nyuzi zilizokatwa na mkasi.