Toleo lenye kikomo: maana ya 7/30 chini ya picha

Chini ya picha nyingi zilizochapwa huwa kuna namba ndogo ya penseli, kwa mfano 7/30. Maana yake ni kwamba msanii ametoa nakala 30 za picha hiyo, na hii iliyo mbele yako imepewa namba 7. Hilo ndilo toleo lenye kikomo.

Chukua uchapaji wa skrini, uleule unaochapa fulana za kampeni. Kitambaa chembamba chenye vitundu hukazwa kwenye fremu, kikapakwa dawa inayoganda kwa mwanga, kisha mchoro huwekwa juu yake na kumulikwa. Palipozibwa na mchoro dawa haigandi, na ikioshwa panabaki wazi. Rangi husukumwa juu yake kwa kibao chenye ukingo wa mpira, ikapenya palipo wazi tu. Kila rangi ina skrini yake. Picha ya rangi sita hupita mezani mara sita, na karatasi ikisogea kidogo tu, rangi ya mdomo inaangukia shavuni.

Skrini hiyo inaweza kutoa mamia ya nakala. Kwa hiyo kikomo hakiwekwi na kifaa, ni ahadi ya msanii: nikifika 30, basi. Nakala hizo huhesabiwa kuwa kazi halisi za sanaa, si kopi za kitu kingine.

Msanii wa Marekani Andy Warhol alitoa picha 10 za mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe mwaka 1967, seti 250, namba zikigongwa kwa muhuri nyuma ya karatasi. Kuanzia 1970 zikaanza kuchapwa Ulaya Marilyn nyingine zinazofanana nazo sana. Warhol mwenyewe aliziandika baadhi kwamba si kazi yake. Kwa macho tu utahangaika kuzitofautisha, na hapo namba na saini ndizo zinazosema.

Wengi huamini 1/30 ni bora kuliko 30/30. Kwa skrini, sivyo. Karatasi huanikwa na kupangwa upya baada ya kila rangi, na namba huandikwa mwishoni, hivyo namba 1 huenda ilichapwa katikati. Nje ya hesabu hiyo zipo nakala chache za msanii mwenyewe, zenye herufi A/P.

Kwa msanii anayechipukia, mfumo huu ni mlango mzuri sana. Makumbusho isiyomudu mchoro wake mkubwa inaweza kununua nakala moja, naye akaingia kwenye mkusanyo wa kudumu huku nakala 29 zikibaki za kuuza au kugawa. Ila usitarajie kuiona ukutani mwaka mzima. Mwanga hufifisha rangi za karatasi, kwa hiyo makumbusho huwasha taa hafifu, mara nyingi luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, na baada ya miezi michache picha hurudi kwenye sanduku lake gizani. Penseli ya 7/30 haififii.