Mchanga Uliozungushiwa Kamba Una Mayai

Kila majira ya kuchipua, tukishazungusha kamba kwenye fuo za Maziwa Makuu ya Marekani, malalamiko huanza: mmefunga mchanga mtupu, ndege mbona hatumwoni? Humwoni kwa sababu ameumbwa asionekane. Kitwitwi huyu, Charadrius melodus, ana uzito wa gramu 50 hivi na mgongo wenye rangi ya mchanga mkavu. Kiota chake ni kishimo kidogo tu, chenye mayai manne ya madoadoa yanayofanana na changarawe. Anayelikanyaga yai mara nyingi hajui kwamba amelikanyaga.

Alipoingizwa kwenye orodha ya kisheria ya spishi zilizo hatarini mwaka 1985, jozi zilizokuwa zikizaliana katika maziwa haya zilikuwa takriban 17. Sasa zimepita 80. Lengo ni 150, kwa hiyo hoja kwamba "ndege wamesharudi, fungueni ufuo" haina msingi.

Kamba hulinda mayai, ambayo huatamiwa kwa siku 28 hivi. Hailindi vifaranga. Saa chache baada ya kuanguliwa huanza kukimbia na kujitafutia chakula, na hufika hadi kwenye ukingo wa maji, nje ya kamba, mahali mbwa anapoachiwa acheze. Tumesema mara nyingi na tunarudia: mbwa mpole ni adui vilevile. Kitwitwi akimwona huondoka kwenye mayai, na shakwe hawangoji. Akikokota bawa mbele yako kama aliyevunjika, usimfuate umsaidie. Anakuvuta mbali na watoto wake, nawe umeshakaribia mno.

Kuhusu adhabu. Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya mwaka 1973 inakataza kuua, kujeruhi, kukamata, kukusanya, kufukuza na hata kusumbua. Anayevunja sheria kwa kujua anaweza kutozwa faini ya kiraia ya hadi dola 25,000 kwa kila kosa. Kiwango hicho kilichoandikwa katika sheria hurekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Akishtakiwa kwa jinai na kupatikana na hatia, faini hufika dola 50,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Asiyekusudia naye anaweza kutozwa faini ya kiraia, ingawa ndogo zaidi. Kwenye maeneo ya Hifadhi za Taifa, kamba ya mbwa isizidi mita 1.8. Kamba ndefu inayojivuta yenyewe, ikiachiwa hadi mwisho, haikidhi sharti hilo.

Ukikuta mayai yasiyo na mzazi, usiyaokote hata kwa huruma; kuyaokota bila kibali ni kosa. Toa taarifa. Mayai yaliyothibitika kuachwa hupelekwa kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Michigan, ambako wataalamu wa bustani ya wanyama ya Detroit huyaangua na kulea vifaranga hadi waweze kuruka.

Chicago mwaka 2019 jozi moja ilitaga Montrose, ufuo wenye watu wengi. Wakazi walijitolea kulinda zamu, na tamasha la muziki lililopangwa hapo likafutwa. Huo ni mwenendo tunaoshukuru.

Ukiona pete za rangi miguuni mwake, simama mbali uandike mpangilio wake toka juu kwenda chini, mguu wa kushoto kisha wa kulia, pamoja na mahali na saa. Picha ya lenzi ndefu inatosha.