Mkesha wa Usambara Si Mwizi wa Mbegu

Wako wanaodhani kwamba ndege aitwaye mkesha wa Usambara hufukua mahindi na maharage yaliyopandwa karibuni. Ni kweli kwamba ndege huyu hutafuta riziki yake chini: huruka hatua chache, akasimama, kisha akapekua majani makavu kwa mdomo wake wa rangi ya chungwa, na anayemwona kwa mbali ukingoni mwa shamba ni rahisi kumshuku. Lakini anachokitafuta ni minyoo, mbawakawa, mabuu na wadudu wengine waishio katika unyevu wa majani yanayooza, na matunda laini ya msituni yanapoiva hula hayo pia. Mdomo wake ni mwembamba, wa kuchokoa na kudonoa. Haufanani na ule mfupi mnene wa kwelea kwelea, ulioumbwa kwa kubangua nafaka. Tena, kwa kuwa matunda madogo huyameza mazima, mbegu zake huangushwa mbali na mti uliozaa. Huyo tunayemwita mwizi wa mbegu, kumbe ni mpanzi.

Dhana ya pili ni ya sisi wa mjini Tanga, tunaoamini kuwa kila kilicho cha Usambara kitatufikia. Plamu na pea za Lushoto hushuka hadi sokoni. Mkesha hashuki nazo. Makao yake ni misitu ya milima ya Usambara na Pare, kama ule wa Magamba juu ya mji wa Lushoto, wala hapatikani nje ya Tanzania.

Wengine humchanganya na mkesha wa milima mingine ya Afrika Mashariki. Hata wataalamu waliwahi kuwahesabu kuwa aina moja, ingawa Mjerumani Anton Reichenow alikwisha kumpa jina la kisayansi mwaka 1905. Siku hizi hutambuliwa kuwa aina ya peke yake, mwenye mgongo mweusi-mweusi, ubavu wa rangi ya chungwa na tumbo jeupe katikati.

Dhana iliyo na madhara zaidi ni kwamba palipo na miti pana msitu. Mkesha huyu huweza kuonekana hata katika msitu uliokwisha kuharibiwa, jambo linalowapoza wengi moyo, ila kupungua kwa misitu ndiko kunakomtishia. Safu za misonobari huota kijani kizuri, lakini sindano zake kavu zilizotanda chini hazimpi chakula kama yale majani mapana yanayooza polepole kivulini.