Kabla ya kuuliza kabila, shika kamba

Swali halikauki: eti kisukari cha watoto ni cha matajiri, au ni cha Wahindi?

Uingereza walipima watoto wa miaka 9 na 10 katika London, Birmingham na Leicester. Wenye asili ya Asia Kusini, na weusi wenye asili ya Afrika na Karibi, walikuwa na insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) nyingi kuliko Wazungu hata kabla ya kula. Yaani kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, limeshaanza kutumikishwa. Hali ya kipato cha wazazi haikutosha kueleza tofauti hiyo. Lakini “asili” ya namna hiyo ni kapu kubwa mno, haimtenganishi Mmakonde na Mmwera.

Uwezo nao, huku kwetu Mtwara, unavuta upande mwingine. Mtoto wa Shangani, mtaa wa wenye nazo, anayepelekwa shule kwa gari na soda mkononi ndiye mara nyingi mwenye kitambi. Ninayemhofia zaidi ni aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, kisha korosho zikalipa na akanenepa haraka.

Kwa hiyo naanza na kamba. Mtoto wa miaka 6 na kuendelea avue viatu, ikate kamba sawa na urefu wake, ikunje katikati, kisha izungushe kati ya ubavu wa mwisho na nyonga akiwa ametoa pumzi. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu. Tazama na shingo: weusi mnene kama mahameli, ambao mama anausugua kwa dodoki akidhani ni uchafu, ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri.

Sukari ya damu ipimwe baada ya kukaa saa 8 bila kula, maji tu. Ikifika 7.0 mmol/L, irudiwe siku nyingine. Anawe kwa sabuni na kujikausha, maana kidole chenye maji ya embe hupandisha namba bure. Kopo la stripu, vile vijiti vya kupimia sukari, lisikae wazi. Unyevu wa pwani huziharibu. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, usiitegemee kwa mwenye selimundu au aliyetoka kuugua malaria: chembe nyekundu zikifa mapema, kipimo hushuka kwa uongo.

Hayo ni ya kisukari kinachokuja polepole. Mtoto anayekunywa maji bila kukoma, anayekonda na kuanza tena kukojoa kitandani hahitaji kamba wala kufunga. Apimwe sukari saa hiyohiyo, hata kama kipimo kimeonyesha ana malaria.