Windows XP ndani ya mashine pepe: dhana potofu kuhusu mtandao wake mzito

Bado kuna watu wengi wanaotunza Windows XP, Windows 2000 na hata Windows 98 ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, na wana sababu nzito: programu ya uhasibu ambayo aliyeiandika hayupo tena, kifaa cha maabara kinachoelewana na draiva moja tu, hifadhidata isiyofunguka kwingine kokote. Mtandao ukiwa mzito, lawama huangukia mfumo: ni mzee, utaufanya nini. Sikubaliani na maneno hayo. Mara nyingi kosa liko kwenye kadi ya mtandao tuliyoupa mfumo huo, au njia tunayoipitishia data yake.

"Windows imeandika 100 Mbps, basi hapo ndipo mwisho wake."

Namba hiyo ni maneno ambayo kadi ya kuigizwa inaiambia draiva. Kadi zinazoigizwa na QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, hazina waya, wala hakuna anayehesabu biti ili zisizidi kiwango kilichoandikwa. RTL8139 ya kuigizwa inaweza kuvuka megabiti 100 kwa sekunde kama prosesa ya kompyuta mwenyeji ina nguvu, na kadi inayojitangaza kuwa ya gigabiti 1 inaweza isifike hata nusu ya hapo.

Kinachoamua ni gharama ya kila pakiti, yaani kila kifurushi cha data. Kila mara draiva inapogusa rejista ya kadi (sehemu ndogo ya kuipa kadi amri), prosesa hulazimika kuuacha mfumo mgeni ulio ndani ya mashine pepe, kuingia kwenye haipavaiza inayoisimamia mashine hiyo, mara nyingi kwenda hadi kwenye programu ya QEMU yenyewe, kisha kurudi. Safari moja hula maelfu ya mizunguko ya prosesa, na kadi za zamani zilibuniwa wakati ambapo kugusa rejista kulikuwa jambo jepesi. NE2000, muundo wa miaka ya 1980, hupitisha data yote kwenye mlango wa I/O, baiti mbili mbili. Ni kama kuhamisha lori la mchanga kwa kijiko. RTL8139 ina DMA, yaani huandika data yenyewe kwenye kumbukumbu, lakini pakiti zinazoingia humwagwa kwenye bafa moja na draiva hulazimika kuzinakili upya. Bill Paul, aliyeandika draiva yake ya FreeBSD, aliishutumu kadi hiyo waziwazi ndani ya msimbo wenyewe. Intel e1000 ni afadhali sana: draiva hupanga pakiti nyingi kwenye kumbukumbu kisha huigusa kadi mara moja. Nayo virtio, kazi iliyoanzishwa na Rusty Russell na kuingia kwenye Linux 2.6.24 mwezi Januari 2008, ilibuniwa tangu mwanzo kwa kujua kwamba hakuna kadi ya chuma upande wa pili.

Hata hivyo, namba ile ya kwenye skrini si ya kupuuzwa kabisa. Haizuii data kupita, ila XP huitumia kuchagua ukubwa wa dirisha la kupokelea la TCP, yaani kiasi ambacho mtumaji anaweza kutuma kabla ya kusubiri jibu. Kadi ikisema megabiti 100, dirisha huwa baiti 17,520. Ikisema gigabiti 1, huwa karibu kilobaiti 64. Piga hesabu. Seva ikiwa mbali kiasi kwamba kwenda na kurudi ni milisekunde 150, baiti 17,520 kila safari hazifiki hata megabiti 1 kwa sekunde, hata kama umelipia mkongo wa megabiti 100. Kwa kilobaiti 64 unapata kama megabiti 3.5. Thamani yenyewe inaitwa TcpWindowSize kwenye rejistri, na ukitaka kuvuka kilobaiti 64 lazima uwashe pia Tcp1323Opts.

"Weka virtio, mambo yataisha."

Kwa XP, draiva za virtio zipo na zinafaa kujaribiwa. Ila mfumo usiione kadi kabisa? Angalia aina ya mashine uliyochagua. Kwenye q35, mojawapo ya aina za mashine za QEMU, kadi ya virtio ikichomekwa kwenye mlango wa PCIe, QEMU kwa kawaida huitoa kwa mtindo mpya wa virtio 1.0 peke yake, na draiva zilizoandikwa kabla ya mtindo huo haziitambui. Kwenye i440fx, aina ya zamani zaidi, mitindo yote miwili, mpya na wa zamani, huwa wazi. Nimeona watu wakizihukumu draiva nzuri kuwa mbovu kwa sababu hii tu.

Kwa Linux za zamani kuna mtego mwingine. Pakiti zinazotembea ndani ya kompyuta mwenyeji hazikamilishiwi checksum, namba ya kuhakiki kama data imefika salama, kwa kuwa hazitagusa waya. Programu ya zamani ya DHCP (ya kuomba anwani ya mtandao) inayosoma pakiti mbichi huiona checksum hiyo kuwa na kosa na kuitupa pakiti, kwa hiyo mashine haipati anwani ya IP. Ukiiwekea anwani kwa mkono, kila kitu kinafanya kazi! Dawa ni kanuni ya iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, ya kujaza checksum kwa pakiti za UDP zinazoelekea mlango wa 68.

Windows 98 usiipigie hesabu ya virtio. Tafuta kadi ambayo mfumo una draiva yake. Hata kwa XP, kwenye VirtualBox, Intel PRO/1000 T Server hutambuliwa bila kuongeza draiva, ilhali MT Desktop inafaa zaidi kuanzia Vista. Kwa e1000 ya kawaida ya QEMU, weka draiva ya Intel kwenye faili ya ISO na uiingize kama CD kabla ya kubadilisha kadi, maana ukishabadilisha hutakuwa na mtandao wa kuipakulia.

"Ongeza prosesa."

Windows 98 hutumia moja tu, hata uipe nane. XP Professional huona mbili ukizitoa kama soketi tofauti, lakini XP ya biti 32 haina uwezo wa kugawa pakiti zinazoingia kwa prosesa kadhaa. Kinachosaidia zaidi ni kukagua FlexPriority, uwezo uliomo ndani ya baadhi ya prosesa za Intel. XP ya biti 32 huigusa rejista ya kipaumbele cha prosesa mara nyingi mno, na bila msaada kila mguso ni safari nyingine ya kutoka nje. Prosesa za Intel zenye FlexPriority huimaliza kazi hiyo ndani. Kwenye Linux, soma /sys/module/kvm_intel/parameters/flexpriority. Jibu linalotakiwa ni Y.

"Imo ndani ya mashine pepe, haiwezi kudhuru kitu."

Mwaka 2015 zilichapishwa CVE-2015-5165 ya RTL8139 na CVE-2015-7504 ya PCnet, kadi nyingine ya zamani; hizi ni namba za kasoro za usalama za QEMU katika kadi hizi hizi tunazozitumia kwa mifumo ya zamani. Sasisha haipavaiza yako, na XP usiiache wazi kwa intaneti.

"Nimebadilisha kadi zote, tatizo ni draiva."

Huenda hukugusa upande wa pili. Ukiwasha QEMU bila maelezo ya mtandao, hutumia SLIRP, programu iliyozaliwa miaka ya 1990 kwa ajili ya watu wa modemu za simu. Inafaa kwa majaribio, lakini kila pakiti hupita kwenye TCP nyingine kamili ndani yake. Tumia tap na daraja, yaani kadi pepe ya Linux iliyounganishwa moja kwa moja na mtandao wa kompyuta mwenyeji, kisha pima kwa iperf, programu ya kupima kasi, kati ya mfumo mgeni na kompyuta mwenyeji, toleo kuu likiwa moja pande zote, kwa kuwa iperf 2 na iperf 3 hazielewani. Hapo ndani pakiwa haraka na seva ya mbali ikawa polepole, iache kadi ilivyo na uende kwenye TcpWindowSize.