Je, kuhama mtaa kunaweza kumtoa mtu kwenye pombe?

Familia ikishaketi kikao mara tatu na kijana bado anarudi usiku akipepesuka, hakosekani shangazi au mjomba wa kusema: huyu mtoeni hapa. Aliye Kaptembwa, Nakuru, atapelekwa ushago Butere akakae na nyanya yake. Aliye Butere naye atatafutiwa kibarua Nakuru, mbali na marafiki wabaya. Kwa hiyo matatu za njia hiyo huenda zinapishana zikiwa na walevi wawili, kila mmoja akienda kuponea alikoharibikia mwenzake. Unaweza kucheka, lakini wazo lenyewe si la kipuuzi. Lina ushahidi, na ushahidi wake maarufu zaidi ulitoka vitani.

Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtuka kusikia kwamba askari wake wengi walioko Vietnam wanatumia heroini. Rais Richard Nixon alimkabidhi daktari Jerome Jaffe janga hilo, na utaratibu ukawekwa: askari hapandi ndege ya kurudi kwao mpaka mkojo wake upimwe na uonekane safi. Mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia wakishafika nyumbani. Karibu askari mmoja katika kila watano alikiri kwamba heroini ilikuwa imemshika kabisa kule Vietnam. Watu walitarajia balaa, maana hospitali za Marekani zilizoea kuwatibu waraibu na kuwaona wengi wao wakirudi palepale. Lakini kati ya askari hao walioshikwa, takriban asilimia 5 tu ndio waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza, na asilimia 12 ndani ya miaka 3.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Robins mwenyewe hakusema kwamba ndege ndiyo iliyowaponya. Askari wale waliacha vita, hofu na uchovu wa kambini, wakarudi kwa wazazi, wake na kazi. Heroini iliyokuwa rahisi na tele kule Vietnam, kwao ilikuwa ghali na ya kutafutwa kwa shida. Na wale waliokuwa wakitumia dawa za kulevya hata kabla ya kuingia jeshini ndio waliokuwa hatarini zaidi kurejelea. Yaani kilichobadilika si mandhari tu, ni maisha mazima, pamoja na bei.

Sasa mrudie kijana wetu wa Kaptembwa. Anaacha chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ya mtaani, anashuka Butere anakuta busaa kwenye chungu na wazee wameketi duara na mirija yao mirefu, na chang'aa bado ipo nyuma ya nyumba ya tatu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliiweka kanda ya Magharibi mbele ya kanda zote nchini kwa unywaji wa pombe. Kumpeleka mtu huko ili aikimbie pombe kunataka ujasiri wa aina yake.

Hata hivyo, mahali pana nguvu ya kweli. Chukua mwendesha boda boda. Saa kumi na moja jioni anashusha abiria wa mwisho, anakata kona ya kinyozi, analiona pazia la mlangoni kwa mama pima, muuza chang'aa. Harufu inamfikia kabla hajazima injini. Mate yanajaa, moyo unakwenda mbio, mkono umeshaingia mfukoni kuitafuta noti ya hamsini. Hajaamua chochote bado. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, alionyesha zaidi ya karne moja iliyopita kwamba mbwa hutokwa na mate kwa ishara iliyozoea kutangulia chakula, hata chakula chenyewe kisipoletwa. Kona, pazia na harufu ndizo ishara za huyu bwana. Mtoe kwenye kona ile na umempunguzia vita vya kila jioni. Hiyo ni nafuu kubwa, hasa wiki za mwanzo ambapo uamuzi wake bado ni mchanga.

Ishara hizo hufanya jambo jingine ambalo wanywaji wanalijua bila kufundishwa. Mtu anayekunywa sana pale kwao akaenda matanga mbali, kiasi kilekile kinamwangusha. Mwili ukiwa mahali ulipozoea hujiandaa mapema kupambana na pombe. Ugenini haupati onyo. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake huko Canada walichapisha jaribio la kutisha: panya waliozoeshwa heroini walipewa dozi kubwa. Waliopewa katika chumba walichokizoea walikufa asilimia 32. Waliopewa katika chumba kigeni walikufa asilimia 64. Dozi ni ileile, kilichotofautiana ni chumba. Ongeza hapo kwamba mwili wa mtu aliyekaa miezi bila pombe umepoteza uwezo wa zamani wa kuistahimili, nawe utaona kwa nini anayerudi akaagiza vipimo vyake vya kale anaweza asiamke.

Lakini je, ishara hufutika mtu akiwa mbali? Hapa ndipo wanaouza wazo la kuhama hunyamaza. Panya waliofundishwa kubonyeza kitufe wapate pombe, kisha wakahamishiwa kizimba kingine ambako kitufe hakitoi kitu, huacha kubonyeza. Warudishe kizimba cha kwanza na wanaanza upya. Walichojifunza ugenini kilibaki ugenini. Ndiyo maana mtu hukaa kituo cha kurekebisha tabia siku 90, akanenepa, akaombewa, akafanyiwa sherehe ya kuhitimu, na Ijumaa ya kwanza mtaani inamrudisha alikotoka. Watu husema hana msimamo. Mimi naona tulimfundisha kuogelea kwenye beseni tukamtupa Ziwa Nyanza.

Na kuna ishara ambazo hupanda matatu pamoja na mtu. Mojawapo ni saa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile inayoitwa ya Mututho kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kwa mtu aliyekunywa chini ya ratiba hiyo miaka mingi, saa kumi na moja ni kengele, awe Bondeni kule Nakuru au Mumias. Ujumbe wa M-Pesa wa mshahara ni kengele nyingine. Simu inabeba marafiki wote. Kukosa usingizi, madeni na ugomvi wa nyumbani navyo havina kaunti.

Kuna hatari moja ambayo ningependa kila shangazi aijue kabla ya kukata tiketi. Anayekunywa sana kila siku, hasa yule anayeamka mikono ikitetemeka na kuhitaji kuzimua ndipo aweze kushika kikombe, hapaswi kukatizwa pombe ghafla na kufungiwa boma la mbali. Mitetemo na jasho huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa kinaweza kumpiga katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, homa inapanda, moyo unakimbia. Kijijini hali hiyo huitwa mapepo au kurogwa, na maombi huanza huku saa za kumwokoa zikipita. Ni ugonjwa unaoua, na unatibika. Hospitali humpa dawa za kutuliza mfumo wa neva zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo ulevi wa muda mrefu huimaliza mwilini. Basi mpangilio ni hospitali kwanza, safari baadaye. Asiyejua pa kuanzia apige 1192, nambari ya bure ya NACADA.

Swali linalobaki ni la asiye na nauli wala pa kwenda. Jibu zuri lilitoka Eldoret. Kundi la watafiti likiongozwa na Rebecca Papas liliwachukua watu 75 waliokuwa kwenye huduma za VVU na wanaokunywa kupita kiasi. Baadhi walihudhuria vikao sita vya kikundi, kimoja kwa wiki, vikiongozwa na washauri wa kawaida waliofunzwa, wala si madaktari wa akili. Walijifunza kuzitambua ishara zao, kukataa glasi mbele za watu na kupanga jioni zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: baada ya siku 90, asilimia 69 ya waliohudhuria walisema hawanywi, ikilinganishwa na asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida tu. Hawakuhamishwa. Waliyajaribu mafunzo yao mitaani kwao, mbele ya pazia lilelile.

Kwa hiyo mimi ningehamisha saa kabla ya kuhamisha mtu. Mwendesha boda boda abadilishe steji, au apitie barabara nyingine jioni, au awe na shughuli saa kumi na moja ambayo mtu atauliza asipotokea: mazoezi ya kwaya, kukama ng'ombe, kumchukua mtoto shule. Pesa za siku ziende kwa mke au dada kabla ya jioni. Nambari mbili tatu zifutwe kwenye simu. Na kama nafasi ya kuhama ipo, ahamie kwenye kazi na watu wanaomngoja, asihamie chumba kitupu cha kukaa akihesabu siku.

Aliyefaulu kuhama bado ana Desemba. Matatu zikijaa kuelekea Kakamega na Bungoma, naye atapanda, maana mama yake yuko huko na kuna matanga ya kuhudhuria. Mtaa wa zamani utamngoja na ishara zake zote zikiwa nzima. Afike mchana, alale kwa dada asiye na pombe nyumbani, aende mazishini na mtu anayejua hali yake, na aondoke kabla ya disko matanga, ile ngoma ya usiku ya msibani, kuanza.